SOMO LA KIKUNDI: PUNDA, MKOKOTENI NA BARABARA



Somo la mara hii linahusu mfanyakazi ambaye hana kadi ya uanachama, hatoi hisa, wala hasemi neno mkutanoni, lakini akilala siku moja tu kazi yote inasimama. Huyo ni punda. Farasi kwetu ni wachache. Wengi wetu tumewaona kwenye picha, au wale wa mbio kule Ngong. Mnyama wetu wa kupanda, kubebesha na kukokota ni punda, na yale ambayo mpanda farasi hufundishwa kabla hajakanyaga barabara, mwenye punda pia yampasa kuyajua.

Muda wa somo: saa moja na nusu. Mwongozaji asome kwanza peke yake. Ikiwezekana mkutane mahali ambapo kuna punda na mkokoteni karibu, ili mambo yaonekane kwa macho.

1. TUONE: JAMBO LILILOTUPATA

Kikundi kimoja tunachofanya nacho kazi, cha akina mama na vijana, kilichukua mkopo kupitia ofisi yetu kikanunua punda wawili na mkokoteni wa magurudumu ya mpira. Shabaha ilikuwa kuuza maji kwenye soko lililo kando ya lami. Biashara ilienda vizuri. Miezi saba ya kwanza mkopo ulilipwa bila kuchelewa hata mara moja, na sisi tulikuwa tukikitaja kikundi hicho kila tunapokwenda kama mfano.

Jioni moja, giza likiingia, kijana wa mkokoteni alikuwa akirudi na safari ya mwisho. Jerikeni zilikuwa tupu, punda wamechoka. Lori lililotoka nyuma halikumwona mpaka lilipomfikia. Punda mmoja alikufa pale pale. Kijana, mtoto wa mmoja wa wale akina mama, alivunjika mguu akakaa hospitali wiki tano. Mkokoteni ulibaki vyuma tu.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Wengine walisema kijana alipe punda, kwa kuwa alikuwa kwa barabara usiku. Wengine walisema mama yake akatwe hisa. Mama mwenyewe alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza swali moja: "Nani hapa alimwambia arudi mapema?"

Hakuna aliyejibu. Hata sisi wa ofisi hatukujibu. Tuliwafundisha kuandika vitabu vya hesabu siku tatu nzima. Kuhusu barabara, mzigo na mnyama hatukuwa tumesema hata neno. Tunalisema hapa wazi kwa sababu tusingependa kikundi kingine kijifunze kwa njia hiyo.

2. TUPIME: KWA NINI?

Mkutano ule tuliufanya upya wiki iliyofuata, kwa njia ya kuuliza "kwa nini" mpaka mzizi uonekane. Majibu yalikwenda hivi:

Kwa nini lori lilimgonga? Kwa sababu dereva hakumwona.
Kwa nini hakumwona? Kwa sababu kulikuwa na giza, na mkokoteni haukuwa na taa wala reflekta.
Kwa nini kijana alikuwa njiani gizani? Kwa sababu alitaka kumaliza safari ya nane.
Kwa nini safari nane? Kwa sababu kikundi kilimlipa kwa kila safari, si kwa siku. Safari sita hazikutosha chakula cha nyumbani.
Kwa nini kikundi kilipanga hivyo? Kwa sababu tulitaka mkopo uishe haraka.

Hapo watu walitazamana. Kosa lilikuwa limeketi na sisi sote kwenye viti vya mkutano. Malipo ya safari ndiyo yaliyofanya kijana apakie kupita kiasi, apige fimbo, akimbize punda kwenye mteremko, na arudi usiku. Kumkemea kijana na kuacha malipo yale yale ni kazi bure.

Kikundi kiliamua kumlipa mtu wa mkokoteni kwa siku, na safari zisizidi tano. Gharama ya hospitali walichanga, nusu kikundi na nusu jamaa. Mkopo tuliuongezea muda. Kijana bado anachechemea kidogo.

Zoezi: kila kikundi kitaje ajali moja au hasara moja ya mnyama waliyowahi kuona, kisha muulize "kwa nini" mara tano. Msisimame kwenye jibu la kwanza.

3. TUTENDE: MAMBO YA KUJUA

A. Kumkaribia na kumshika

Punda hafanani na farasi katika jambo moja kubwa. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama kabisa. Sisi huita huo ukaidi, tukachukua fimbo. Kumbe ameona kitu: daraja lililooza, maji asiyojua kina chake, nyoka, au nailoni inayopeperuka. Akisimama, nawe simama. Tazama mbele, kagua mikanda na miguu yake, mwache aangalie, halafu mwongoze polepole.

Mkaribie kutoka ubavuni, upande wa bega, ukimsemesha. Usimtokee nyuma, kwa sababu hapo hakuoni vizuri na mateke yake yanafika. Watoto wafundishwe hili mapema.

Kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi wala kiunoni hata siku moja. Punda akishtuka atakuburuta. Ishike ikiwa imekunjwa kiganjani, ili uweze kuiachia mara moja.

B. Mzigo wa mgongoni na kumpanda

Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi. Kanuni rahisi ni kwamba mgongoni asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na kidogo. Kwa hiyo jerikeni mbili zatosha, moja kila upande. Nne, kama tunavyoona kila asubuhi kisimani, ni nyingi.

Twajua akina mama watasema: "Mbili hazifiki popote, nina watoto sita na ng'ombe." Ni kweli. Hapo ndipo kikundi kinapofaa. Mkokoteni mmoja wa pamoja hubeba maji mengi kuliko punda kadhaa wa mgongoni, kwa kuwa uzito unakaa kwenye magurudumu, si kwenye uti wa mgongo.

Kumpanda ni hesabu ile ile. Mtoto au mtu mwepesi anaweza. Mwanaume wa kilo 70 asipande punda mdogo, na watu wawili wasipande kamwe. Anayepanda asijifunge kamba mwilini, na asipande punda aliyebeba mzigo tayari. Mtoto asipande peke yake kando ya lami.

Chini ya mzigo kuwe na tandiko nene: blanketi kuukuu au gunia lililojazwa majani makavu, likiwa limeshonwa ili uzito ukae pande mbili za uti wa mgongo na usikandamize mfupa wenyewe. Kamba ya nailoni ikigusa ngozi hukata. Tumieni mikanda mipana ya turubai au ya gunia lililokunjwa.

C. Mkokoteni

Nira ya ng'ombe haimfai punda. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, husukuma kwa hapo. Punda nguvu zake ziko kifuani. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani ulio chini ya koo, usimzibe pumzi. Unaweza kuujua uko sawa akiinamisha kichwa bila kukohoa.

Pia anahitaji mkanda wa nyuma unaopita chini ya mkia, juu ya mapaja. Huu wengi hawana, na ndio breki yake. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni humsukuma nyuma ya miguu, naye hukimbia kwa kulazimika. Mikokoteni mingi hupinduka hivyo. Kwenye mteremko mwendeshaji ashuke, atembee na punda, na kama fundi wa kuchomelea anaweza kuweka breki ya mkono, zile pesa si hasara.

Mzigo ukae juu ya ekseli. Ukirundika nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka na mkanda wa tumbo humnyonga punda. Ukirundika mbele sana, uzito wote humwangukia mgongoni. Kabla ya kuondoka inua mikono ya mkokoteni kwa mkono wako: ukiweza kuinua bila kukaza meno, mzigo umekaa vizuri.

Kila asubuhi kagua nati za magurudumu, upepo wa tairi na mikanda. Tairi lenye upepo kidogo humchosha punda kama mzigo wa pili.

Mwendeshaji asikae kwenye mkono wa mkokoteni mbele ya gurudumu. Akiteleza, gurudumu linampitia.

D. Barabarani

(1) Endesha upande wa kushoto, kama magari. Ukiwa unamwongoza punda kwa miguu, wewe kaa kati yake na magari.

(2) Mkiwa na punda wengi, nendeni mstari mmoja. Mtu mzima mmoja mbele, mwingine nyuma.

(3) Kukiwa na njia ya vumbi kando ya lami, itumieni hata kama ni ndefu kidogo.

(4) Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Sheria rahisi kwa kikundi: saa kumi na mbili mkokoteni uwe nyumbani.

(5) Ikibidi kabisa kuwa njiani asubuhi na mapema au jioni, wekeni reflekta nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na karatasi ya kung'aa ubavuni. Mwendeshaji avae koti la kung'aa kama la watu wa bodaboda. Tochi moja ielekee nyuma.

Fikirini hesabu hii. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja tu kuona na kukanyaga breki, tayari amemaliza mita 22 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Punda wa kijivu gizani haonekani mapema hivyo. Reflekta huonekana mbali kabisa.

(6) Usimwache punda afungwe kando ya lami wala kuzurura usiku. Punda aliyeachiliwa ameua watu wa pikipiki, naye mwenyewe akafa.

(7) Mtoto asipewe mkokoteni kwenye lami. Kumtuma kisimani na punda mmoja ni jambo jingine.

(8) Aliyekunywa pombe asiendeshe. "Punda ajua njia" ni kweli, lakini punda hajui lori.

E. Ajali ikitokea

Mtu kwanza, mnyama baadaye. Tuma mtu mbele na mwingine nyuma wakapunge nguo magari yapunguze mwendo. Aliyeumia mguu au mgongo msimvute ovyo; msogezeni tu kama kuna hatari nyingine, wengi kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kwa kitambaa safi na usiachie.

Punda akianguka na mkokoteni, msimpige ainuke. Mmoja amshike kichwa kwa upole, akikaa upande wa mgongo, mbali na miguu. Wengine wafungue mikanda na kurudisha mkokoteni nyuma. Ndipo aachiliwe ainuke mwenyewe.

F. Afya yake na yetu

Vidonda vingi tunavyoviona ni vya mikanda na fimbo. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita. Tafadhali tuache kupaka oili chafu ya gari, inaunguza ngozi. Tafuteni kilichosababisha kidonda mkitengeneze, na punda apumzike hadi pakauke. Kuweka mkanda juu ya kidonda ni sawa na kumvalisha mtu kiatu juu ya jipu.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha kitu: ugonjwa huu twauita pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na mavini, huingia kwa kidonda, na punda na farasi hupatwa navyo upesi. Watu pia. Muulizeni daktari wa mifugo juu ya chanjo ya punda, na mwendeshaji naye aende zahanati kwa chanjo yake. Kichaa cha mbwa nacho humpata punda. Akibadilika ghafla, akauma watu, akatoa mate mengi, msimshike mdomoni. Mtu akiumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8 na mtu anayejua. Maji apewe mara nyingi, maana punda wa kazi anaweza kunywa lita 10 hadi 25 kwa siku kulingana na jua. Inashangaza kuona punda abebaye maji ya wengine akishinda na kiu. Asianze kazi kabla ya miaka 3, na mzigo kamili usubiri miaka 4. Mwenye mimba apumzishwe miezi 3 ya mwisho.

4. PUNDA SI WA KUTUPA

Zamani tulisema punda akifa utanunua mwingine. Sivyo tena. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha Kenya ina punda karibu milioni 1.8. Ile ya 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2. Katikati hapo, kati ya 2016 na 2018, vilifunguliwa vichinjio vinne vya punda nchini, na ngozi zikaenda Uchina kutengenezea dawa. Wizi ukaenea, wengi wenu mliamka asubuhi mkakuta kamba tupu. Serikali ilitangaza kuvizuia Februari 2020, mahakama ikabatilisha amri hiyo 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Kundi lililopungua halirudi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mtunzeni mliye naye.

Mjue pia kwamba iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mnyama kikatili, kumpanda au kumwendesha kupita kiasi, na kumpakia kupita kiasi, yote ni makosa ya kushtakiwa. Lakini sisi tungependa mfanye haki kabla ya chifu kuja.

5. NENO LA MUNGU

Someni pamoja Hesabu 22, mstari wa 21 hadi 35. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu kwa kukataa kuendelea, na kumbe punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga ambaye bwana wake hakumwona. Yule mnyama ndiye aliyemwokoa.

Kisha Kumbukumbu la Torati 5:14. Amri ya pumziko inamtaja punda pia. Jumapili sisi tukiwa kanisani, punda wetu yuko wapi? Kama yuko sokoni na jerikeni nane, tuzungumze juu ya hilo bila kuoneana haya.

6. SHERIA NDOGO ZA KIKUNDI

Kila kikundi kiandike zake kwenye kitabu cha kumbukumbu na wanachama watie sahihi. Mfano:

a) Mwendeshaji analipwa kwa siku. Safari zisizidi idadi tuliyokubaliana.
b) Mkokoteni uwe nyumbani saa kumi na mbili jioni.
c) Hakuna mkokoteni kutoka bila reflekta na mkanda wa nyuma.
d) Mwenye umri chini ya miaka 18 haendeshi kwenye lami.
e) Punda mwenye kidonda hafanyi kazi. Hasara ni ya kikundi, si ya mwendeshaji.
f) Siku moja kwa wiki ni ya kupumzika.
g) Kila mwezi kiasi kidogo kiwekwe kando kwa daktari wa mifugo, kwato na tairi. Mweka hazina asikiguse kwa jambo lingine.

Sheria (e) ndiyo ngumu. Vikundi vingi huiandika halafu huisahau. Lakini mwendeshaji akijua atakatwa pesa kwa sababu ya kidonda, atakificha chini ya gunia.

7. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwetu, nani anamwendesha punda? Analipwaje? Malipo hayo yanamsukuma kufanya nini?
2. Nendeni sasa mkawatazame punda wenu. Vidonda viko wapi mwilini? Vimesababishwa na nini?
3. Inueni mikono ya mkokoteni uliopakiwa. Uzito uko wapi?
4. Ni kipande gani cha barabara kinachotutia hofu? Tumemwambia nani: chifu, mwakilishi wa wadi, watu wa barabara?
5. Ajali ikitokea kesho, nani atalipa hospitali? Imeandikwa wapi?
6. Jambo moja tutakalolifanya kabla ya mkutano ujao ni lipi, nani ataongoza, na tarehe gani?

Mwongozaji asifunge mkutano kabla ya swali la 6 kujibiwa na kuandikwa.

Mkiwa na fundi hodari wa kushona mikanda katika eneo lenu, tujulisheni jina la kijiji, tutume vikundi vingine wajifunze kwake. Mkokoteni wetu wa ofisi, ule wa mkopo, umetengenezwa upya na sasa una reflekta nne na mkanda wa nyuma. Mnakaribishwa kuja kuupima vipimo mkaige.

Mungu awabariki, na awarudishe nyumbani mapema.